Wakuu, niuze IST ninunue Leaf ya umeme? Naishi Goba, kazi Posta

Mkazi wa Goba
Salaam wakuu.

Nina IST ya cc 1,300, nzima kabisa, ila mafuta yananimaliza. Kuacha watoto shule, kwenda Posta na kurudi Goba ni kama kilomita 60 kwa siku. Kwa foleni ya Mwenge na Morocco lita moja hainifikishi zaidi ya kilomita 12, na AC nawasha pale tu abiria wakilalamika. Petroli nikiiweka kwenye 2,900, siku moja imeondoka na 14,500 kabla sijala mchana.

Sasa macho yangu yako kwenye Nissan Leaf za mkononi kutoka Japan. Zile za kwanza zenye betri ya kWh 24 bei imeporomoka, za kWh 40 zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2017 bado zina bei yake.

Kinachonizuia ni jirani. Kanunua gari la umeme la mkononi, aina yake naihifadhi. Yadi walimwambia chaji moja ni kilomita 200. Usiku kucha liko kwenye chaji, asubuhi limejaa, jioni akikata kona ya kuingia mtaani kwetu lishatoa alama ya kobe (chaji iko ukingoni), na hajafikisha hata 80. Tatizo ni gari, ni betri au ni yeye mwenyewe?

Kiti cha Dirishani
Ngoja waje wenye magari. Sisi wa mwendokasi tunasoma tukiwa tumesimama.

Fundi Waya
Mkuu, tuanze na hela. Leaf inakula uniti (kWh) 15 hivi kwa kilomita 100. Ongeza zinazopotea wakati wa kuchaji, weka 17. Mteja wa T1, kundi la matumizi ya kawaida, uniti moja ni 292, ukijumlisha kodi na tozo zake unaigusa 356. Kwa hiyo kilomita 100 ni kama 6,050. IST yako kwa mwendo huo huo inakula elfu 24.

Kilomita zako 1,500 kwa mwezi: petroli 362,500, umeme elfu 91. Kama LUKU yako iko D1, ile ya uniti 75 kwa mwezi kwa bei ya chini, sahau hiyo bei. Gari peke yake linataka uniti 255, watakuhamishia T1 na friji yako na pasi yako vitalipia bei mpya.

Hesabu Haidanganyi
Fundi, umehesabu tenki tu. Anaokoa kama 270,000 kwa mwezi, sawa, ni milioni 3 na kitu kwa mwaka. Sasa auze IST, aongezee apate Leaf ya kWh 40, alipe ushuru, bandari, usajili na bima kubwa. Hiyo nyongeza anairudisha lini? Akichukua mkopo wa benki ndiyo kabisa.

Na wale wanaokimbilia Leaf za 2011 hadi 2013 wajue gari likizidi miaka 8 linapigwa ushuru wa uchakavu, likizidi 10 unapanda tena. Kikokotoo cha TRA kipo mtandaoni, ingiza mwaka na aina ya gari kabla ya kutuma hela Japan.

Fundi Waya
@Hesabu Haidanganyi sikatai. Ila na wewe umeacha kitu: hakuna oili ya injini, hakuna plagi, hakuna mkanda wa injini. Brekipedi zinadumu kwa sababu mota yenyewe ndiyo inapunguza mwendo na kurudisha chaji. Tairi ndiyo andaa hela, Leaf ya kWh 40 ina kilo zaidi ya 1,500 na mota inavuta papo hapo.

Mtungi
Mnajisumbua. Aweke gesi kwenye IST hiyo hiyo. Kilo ni kama 1,550 na inakupeleka mbali kuliko lita ya petroli. Gari lile lile, fundi yule yule.

Kiti cha Dirishani
@Mtungi umesahau kumwambia kuhusu foleni ya kujaza. Kuna jamaa wa taksi mtandao wanalala pale kituoni, wanajuana kwa majina na wanachangishana chai.

Mtungi
Foleni inapungua, vituo vinaongezeka. Na Leaf inachajiwa saa ngapi? Usiku mzima! Hiyo si foleni?

Mama Wawili
Foleni niliyolala nayo nyumbani kwangu, nimeoga, nimekula, mlango nimefunga. Si sawa na ya kituoni kaka.

Bwana Spea
Chukua Nissan Note e-Power, umemaliza. Ni ya umeme, na spea za Note zimejaa Gerezani.

Kilowati
@Bwana Spea hapana. Note e-Power magurudumu yanazungushwa na mota ya umeme, kweli, lakini umeme wenyewe unazalishwa na injini ya petroli iliyo mbele. Haina sehemu ya kuchomeka chaji. Unaenda sheli kama kawaida. Ni gari zuri, inakunywa kidogo, ila mleta mada anauliza habari nyingine.

Sasa turudi kwa jirani. Leaf hizi za mkononi hazina mfumo wa kupoza betri. Hakuna maji yanayozunguka wala feni, joto linajitokea lenyewe. Ndiyo maana mwaka 2012 wenye Leaf wa Phoenix, Arizona, walianza kulalamika uwezo wa betri unashuka haraka. Nissan wakaja kubadilisha kemikali za betri ivumilie joto zaidi, ila hata ile ya kWh 40 ilitoka bila kipoza. Gari la jirani sijui ni aina gani, lakini dalili ni za betri iliyochoka.

Anayeenda kununua Leaf atazame kwenye dashibodi: pembeni kabisa kuna mistari 12 midogo, hiyo ni afya ya betri, usichanganye na ile inayoonyesha chaji iliyobaki. Wa kwanza unapotea betri ikishuka hadi asilimia 85 hivi, baada ya hapo kila mmoja ni asilimia 6 na ushee. Ikibaki 8 ujue una asilimia 60 na kitu. Betri ya kWh 24 hata ikiwa mpya inakuruhusu kutumia kama 21. Toa theluthi, umebakiwa na 14. Kwa uniti 15 kwa kilomita 100 huvuki 95, weka AC na mlima, ndiyo 80 hizo hizo za jirani.

Na mistari yenyewe msiiamini. Kuna mafundi wanafuta kumbukumbu za kompyuta ya betri, mistari 12 inarudi yote inang'aa, ukilitembeza wiki kadhaa inaanza kudondoka. Nendeni na kidude cha OBD cha bluetooth, kile cha kusoma kompyuta ya gari, na programu ya LeafSpy kwenye simu, msome SOH (afya ya betri kwa asilimia) na tofauti ya volti kati ya seli.

Dereva wa Zamani
Ni mguu. Nimewahi kuendesha gari la umeme la ofisini, ukilipeleka taratibu linakupa heshima, ukifika Bagamoyo Road kukiwa kweupe ukalikanyaga 110, chaji inashuka unaiona kwa macho. Jirani anatoka saa ngapi asubuhi? Kama anatoka saa 10 alfajiri kuwahi, ndiyo jibu.

Mkazi wa Goba
@Dereva wa Zamani anatoka pamoja na mimi, saa 12. Hapo hakuna wa kukanyaga, ni kusogea.

Dereva wa Zamani
Basi AC.

Kilowati
AC kwenye foleni inakula kama kilowati moja. Saa tatu za foleni kwenda na kurudi ni uniti tatu, sawa na kilomita 20. Inachangia, haimalizi maelezo. Tena foleni kwa gari la umeme ni nafuu kuliko la petroli, ukisimama mota imesimama.

Tumbaku Road
Wote mmeruka swali la msingi: hiyo 200 imetoka wapi? Wajapani walikuwa na kipimo chao cha JC08, gari lilipimwa ndani, mwendo wa upole. Leaf ya kwanza kwa kipimo hicho walisema kilomita 200. Gari lile lile Marekani kipimo chao kikatoa 117. Yadi za hapa zinanakili karatasi ya Japan. Huenda gari la jirani halina ugonjwa wowote, ila alisomewa karatasi.

Kilowati
117 si 80 mkuu. Bado kuna pengo.

Tumbaku Road
Gari la miaka kumi na zaidi unataka lifikie kipimo cha likiwa jipya?

Fundi Waya
Au seli moja imekufa. Betri ya Leaf ina seli 96 za kufuatana, moja ikiwa dhaifu gari linajizuia ili kuilinda hata kama nyingine bado zina chaji. Ishara yake ni kushuka ghafla: umeona 25, mlima kidogo, 8. @Mkazi wa Goba muulize jirani linashuka taratibu au linadondoka?

Mkazi wa Goba
Nitamuuliza. Anasema mlima wa mwisho ndio unaolimaliza.

Bwana Spea
Upepo wa tairi. Watu wanaweka 25 wakidhani gari litakuwa laini. Mnatafuta mbali.

Mie wa Maskati
Assalam alaykum. Mie niko Muscat, joto la kiangazi huku linavuka 45, na magari ya umeme yanatembea. Lakini ni yale ambayo betri yake inapozwa kwa maji. Huyo alotaja Phoenix asiwatishe watu wa Dar, Dar haifiki huko, 32 au 33 hivi.

Kilowati
@Mie wa Maskati waalaykum salaam. Kweli Dar haifiki 45. Ila Phoenix wana miezi ya baridi ambayo betri inapumzika, Dar joto lake ni la mwaka mzima. Sijaona mtu aliyelipima vizuri kwa pwani yetu, kila mmoja ana gari la rafiki yake.

Mtoto wa Darajani
Nyie wa bara mna tabu. Huku Unguja Mjini mpaka Nungwi haifiki kilomita 60. Hata hiyo ya jirani yenu iliyochoka ingenipeleka mpaka pwani ya mwisho, nikaichomeka hotelini, nikarudi nayo jioni.

Kiti cha Dirishani
@Mtoto wa Darajani umeme wenyewe unapita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni kwetu huku. Tukichomoa mtatusalimia kwa adabu.

Mtoto wa Darajani
Chomoeni, karafuu mtazinusa kwenye picha.

Wa Rongai
Niaje wakubwa. Huku Kenya hizo Leaf za 2011 haziingii tena, sheria ni gari lisizidi miaka 8. Kitu nawapendekezea mshinikize ni bei ya stima ya magari. Kuanzia 2023 tuko na tarifa yake, KSh 16 kwa uniti, na usiku wakati watu wamelala ni KSh 8. Mabasi ya BasiGo yanatumia stima Nairobi tangu 2022. Nyinyi mko na maji ya Rufiji yote hayo na bado mwenye gari analipa kama mwenye jiko la umeme?

Hesabu Haidanganyi
@Wa Rongai hoja nzuri, lakini ukipiga kwa shilingi yetu hiyo 16 yenu bado inakaribia 356 zetu. Ile ya 8 ndiyo ya kutamani.

Mpangaji Mtiifu
Mnaongea kama wote mna nyumba zenu. Sisi wapangaji watano LUKU moja, tunachanga kwa vichwa. Pasi tu ilishaleta kikao. Nikichomeka gari usiku mmoja, asubuhi mama mwenye nyumba anasimama mlangoni na daftari.

Mama Wawili
@Mpangaji Mtiifu nimecheka mpaka basi. Weka mita ndogo kwenye waya wako, ile ya kusoma tu, fundi anakufungia. Unalipa ulichosoma.

Mpangaji Mtiifu
Dada yangu, huyo mama mita yake ni macho.

Fundi Waya
Hapa pia kuna jambo naona watu wanalipuuza: soketi. Kuchaji Leaf kwa kebo ya kawaida ni kuvuta ampia 10 kwa saa 8, 9, 10 bila kupumzika. Soketi za bei rahisi hazikutengenezwa kwa hilo, zinapata moto, plastiki inalegea, mwisho inaungua. Nimebadilisha soketi nyeusi kama mkaa na mwenye nyumba ananiambia "mbona pasi haifanyi hivi". Pasi unaizima baada ya nusu saa.

Waya uwe wa milimita 4, uende moja kwa moja kwenye bodi na breka yake peke yake. Usitumie ekstensheni. Na waya wa ardhi uwe kweli umezikwa. Chaja nyingi zinapima, zikikosa ardhi zinawasha taa nyekundu na kugoma. Mtu anasema chaja mbovu kumbe nyumba ndiyo mbovu.

Kebo za Japan nyingi ni za volti 200 na plagi yao ni tofauti na ya kwetu. Msikate plagi na kuunganisha kienyeji, tafuteni chaja ya volti 230 yenye kichwa cha Type 1.

Bwana Spea
Na chaji ya haraka?

Fundi Waya
Leaf inatumia kichwa cha CHAdeMO. Gari lililotengenezwa kwa soko la China linakuja na GB/T, za Ulaya ni CCS2. Vituo vya hapa vichache, na ukikikuta hakikisha kichwa kinaingia kabla hujashangilia.

Dereva wa Zamani
Mmesahau mgao? Mwisho wa 2023 mpaka mwanzo wa 2024 tulikuwa tunapewa umeme kwa zamu. Ungelala na gari limekufa uani.

Mama Wawili
Hiyo ilikuwa kabla ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere kuwashwa Februari 2024. Sasa mitambo yote 9 iko tayari, megawati 2,115. Na 2023 hiyo hiyo petroli iliadimika, watu walizunguka na madumu. Septemba ilipita 3,200 kwa lita. Umesahau upande huo tu?

Dereva wa Zamani
Megawati ziko Rufiji. Transfoma ya mtaani kwetu iko pale pale, jioni taa zinafifia kila jirani akiwasha jiko. Tukiwa na magari kumi mtaa mmoja tutaongea vizuri.

Fundi Waya
@Dereva wa Zamani hapo una hoja. Chaji saa 6 usiku, Leaf ina saa ya kupanga muda. Tatizo menyu ya kioo cha kati ni Kijapani, inabidi ubonyeze kwa kukariri.

Kaka wa Marangu
Swali dogo tu. Desemba Moshi unaendaje?

Kiti cha Dirishani
😂😂 Hapo ndipo uzi ulipotakiwa kuanzia.

Mkazi wa Goba
@Kaka wa Marangu mke wangu ameuliza hilo hilo, kwa sauti hiyo hiyo. Kilomita 560. Nafikiria kupanda basi.

Kaka wa Marangu
Basi? Na kreti, na mafuta ya kula, na kitenge cha bibi, na watoto? Mzee, kijijini wanahesabu magari yanayoingia. Tafuta la petroli la kukodi kwa Krismasi, ukiwahi Oktoba. Au bakiza IST ununue na Leaf, mradi bima mbili usizililie.

Tumbaku Road
Wenye magari mawili ndio hasa gari hili linawafaa. Mwenye moja tu, na moja lenyewe betri iko 65, ni kamari.

Hesabu Haidanganyi
Na kuuza je? IST unaitangaza asubuhi, jioni simu zinagongana. Leaf iliyobakiza mistari 8 utamuuzia nani? Mnunuzi naye amesoma huu uzi.

Bwana Spea
Anauza betri. Watu wanazitafuta za kuwekea sola majumbani.

Mzee wa Jangwani
Mvua zikija mtapigwa shoti wote.

Kilowati
@Mzee wa Jangwani hapana. Umeme mkubwa wa gari haujaunganishwa na bodi, nyaya zake zile za rangi ya chungwa zimefungwa, mfumo ukihisi hitilafu unajikata. Hata hivyo maji ya Jangwani usiyaingie na gari lolote. La petroli litameza maji injini ife, la umeme litaharibu betri iliyo chini ya sakafu. Na matuta yetu haya, betri hiyo hiyo ndiyo inakwaruzwa kwanza.

Hesabu Haidanganyi
Mimi naogopa kitu kingine. Kwenye kila lita ya petroli kuna tozo ya barabara. Magari ya umeme yakiwa mengi, hela hiyo itatoka wapi? Kodi ya majengo waliiweka kwenye LUKU mwaka 2021 na tukazoea. New Zealand wameanza kuwatoza wenye magari ya umeme kwa kilomita tangu Aprili 2024. Hesabu ya elfu 91 usiipange kwa miaka kumi.

Mama Wawili
Rwanda wao walisamehe kodi za magari ya umeme tangu 2021. Tunaweza pia kuiga la kheri, si lazima la kutoza.

Mkazi wa Goba
Asanteni wakuu. Nimemuuliza jirani: linadondoka, halishuki. Kutoka 30 hadi 10 kwenye mlima ule ule.

Jumamosi naenda kutazama Leaf ya kWh 40, na kidude cha OBD nimeagiza. IST siitangazi kwanza.

Fundi Waya
Seli. Nilisema.

Bwana Spea
Apime upepo wa tairi kwanza.

Tumbaku Road
Na karatasi ya Japan bado ni uongo hata kama seli imekufa.

Kijana wa Bajaji
Samahani kuingilia wakubwa. Mimi natafuta bajaji ya umeme ya biashara, njia ya Mbagala. Kuna mwenye uzoefu? Inarudisha hela au ni kelele?

Kitonga
@Kijana wa Bajaji ninayo, njoo PM nikupe bei na mawasiliano.

Mama Wawili
Weka hapa hapa @Kitonga, na useme betri ni yako au ya kukodi kwa siku. Hiyo ndiyo inayoamua.

Kitonga
Ya kukodi.

Kijana wa Bajaji
Kwa siku shilingi ngapi, na siku nikiugua je?